Shukrani za Kuamriwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha afya kule Ulyankulu, hata chai sikupewa. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinirushia aproni akasema, "Sista, kichwa cha mtoto kinaonekana, nawa mikono. Na mshukuru Mungu umepata kazi." Nikazalisha. Mungu nilimshukuru kwa hiari yangu, ila kushukurishwa kulinikaa kooni tangu siku ile.

Wajukuu zangu mnaosomea uuguzi mnakuja hapa kwangu Kanyenye kunihadithia semina zenu: shukuruni, hamtachoka. Loh! Hasira inanipanda, maana hayo nimeyaishi.

Baada ya Ulyankulu nilihamishiwa Igunga, kisha nikaletwa wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa mjini. Nilifanya zamu na Nyamizi, mkunga mwenye mikono mizuri na maneno machache. Tulikuwa wachache, na likizo yake ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Siku moja nilimkuta chumba cha kutakasia vifaa, amekaa sakafuni.

"Dada, mama analia uchungu, mimi namwangalia kama ukuta," akaniambia. "Sina kitu ndani. Naacha kazi."

Asubuhi tulikuwa na makabidhiano: wanaotoka zamu na wanaoingia wanapita pamoja kitanda kwa kitanda. Kwetu yaligeuka ya kutafutiana makosa, nani hakujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, nani kaacha ndoo chafu. Mganga mfawidhi wa pale akaongeza lake. Kabla ya kuanza, sote tuseme kwa sauti, "Nashukuru kwa kazi yangu." Watu wazima, kama watoto wa chekechea!

Kesho yake zamu ya kusema ikanifikia. Nikasema, "Namshukuru Nyamizi. Jana mtoto alizaliwa amelegea, halii. Nyamizi alimsaidia kupumua mpaka akalia, mama yake akapiga vigelegele. Na wewe, mkuu, unamshukuru Nyamizi kwa lipi?"

"Kwa... utumishi wake."

"Upi?"

Mkuu alimwangalia Nyamizi kama mgeni aliyeshuka basi.

Toka hapo tukabadilisha makabidhiano wenyewe. Kabla ya kusema kosa lolote, unamtazama mwenzako usoni, unamtaja jina, unataja jambo alilofanya. Wengine walicheka mwanzoni. Lakini mzigo ulipungua, sitadanganya. Desturi hiyo nikaipeleka nyumbani pia, nikamshukuru mume wangu kwa kuniwashia jiko kabla sijafika, na nyumba ikaacha kuwa zamu nyingine.

Ila kumshukuru mtu kwa jambo lake kunataka umwangalie, na nilipomwangalia Nyamizi niliona anasinzia amesimama, kikombe cha chai mkononi. Hapo shukrani haitoshi. Mtu alihitaji kulala. Basi wodi nzima tukaenda ofisini.

"Nyie watu hamna shukrani," mganga mfawidhi akafoka.

"Tunayo, mkuu," nikamjibu. "Ndiyo iliyotuleta. Mpe likizo yake, au kesho makabidhiano ufanye wewe."

Akasaini, kavimba uso. Nyamizi akaenda kwao Sikonge. Aliporudi alinikuta napanga trei.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepumzika?"

"Nimelala, dada. Nimelala mchana kweupe na hakuna aliyeniita." Akavaa aproni, akaenda kumshika mkono mama aliyekuwa akilia.

Nimestaafu na hasira zangu zote, na usingizi wangu ni mzuri. Jioni namshukuru binti anayenipikia, kwa jina lake na kwa mboga zake. Fanyeni hivyo, inasaidia. Lakini atakayewaambia mshukuru ili mnyamaze, msimkubalie. Yule mkuu wa hospitali naye amestaafu, anakaa mtaa wa pili. Tukikutana sokoni ananiambia, "Sista, tunakushukuru sana kwa kazi yako."

Namuuliza, "Ipi?"

Hapo anageukia nyanya, anauliza bei.