Bondeni Palikuwa Peupe

Ofisini walimwita Mama Vidoti. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kila asubuhi kupokea orodha za wagonjwa kutoka zahanati zote za jiji, kisha kubandika kidoti chekundu kwenye ramani ya ukutani, pale mgonjwa anapoishi. Vidoti vilipojaa, ndipo daktari mkuu alipopeleka mahema ya matibabu na magari ya maji safi.

Kipindupindu kilipoingia mwaka ule, mdogo wake, mshonaji aliyeishi bondeni nyuma ya machimbo ya kokoto, alimpigia simu.

"Dada, huku watu wanaharisha. Nije kwako na watoto?"

Mama Vidoti akaitupia jicho ramani. Bondeni palikuwa peupe.

"Tulia, mdogo wangu. Kwenu hakuna hata mgonjwa mmoja. Huku kwangu ndiko kunakowaka moto."

"Haya, wewe ndiye msomi wetu," mdogo wake akacheka.

Siku ya nne alipiga shemeji. Walikuwa wamempakia mkewe kwenye mkokoteni, maana hema la karibu lilikuwa mwendo wa saa mbili. Alikata roho njiani, mkono wake ungali umeshika nguo ya mumewe.

Baada ya mazishi, Mama Vidoti hakurudi ofisini. Alipita bondeni nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, akipiga hodi. Akapata wagonjwa thelathini na wanne, tisa walishazikwa. Zahanatini hakufika hata mmoja. Nani angetembea saa mbili tumbo likimwagika?

Daktari mkuu alilipekua daftari. "Hawa hawamo kwenye orodha. Hawakufika kwetu."

"Ndiyo maana wamekufa, daktari," alijibu.

Kesho yake hema lilisimamishwa machimboni, na baada ya wiki mbili vifo vikakoma. Wanawake wa bondeni walimshika mikono wakimshukuru, na kila shukrani ilimchoma kama mwiba.

Siku moja alimkuta shemeji yake pale hemani, amejitolea kubeba maji. Mtu huyu hakuwahi kumwona bila kumtania, mara amezeeka, mara amenenepa kwa kula kodi za watu. Sasa alitua ndoo, akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, afisa."

Mama Vidoti akachukua ndoo tupu, akamfuata bombani.