Breki ya Abiria

Ukitaka kuzungumza na Mama Misumari akiwa kazini, subiri kwanza amalize misumari iliyo mdomoni. Ni fundi wa makochi, na ile misumari midogo ya kupigilia kitambaa huiweka shavuni kama mtu anayemung'unya pipi, akaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Atafanyaje? Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo. Basi ukimsalimia atakujibu "Mm!" na utajijazia mwenyewe kama ni marahaba au ni rudi baadaye. Kazi hiyo alijifunza kwa marehemu mumewe, akimshikia kitambaa. Mume alipofariki, watu walidhani atauza zana. Hakuuza hata sindano.

Mama huyu ana mjukuu wa kike, mtoto wa binti yake, ambaye mtaa mzima tunamwita Chiriku. Sababu hamhitaji kuuliza. Mtoto akiamka anaanza kuongea, na yaliyobaki anayamalizia usingizini. Mama yake anatoka alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo mchana kutwa Chiriku ni wa bibi.

Sasa, wakati wa likizo, mjomba wake Chiriku, kitindamimba wa Mama Misumari, alimpakia nyuma ya baiskeli wakashuka ule mteremko wa kuelekea shule. Baiskeli ikashika kasi. Mtoto akapiga kelele, "Mjomba, simama! Simama!" Mjomba akadhani ni raha hiyo, akazidi kukanyaga. Walipofika kwenye kona, baiskeli kule, mjomba huku, Chiriku mtaroni na mguu umevunjika.

Akarudi kutoka hospitali na plasta kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Daktari alisema mfupa utaunga vizuri tu, na bibi aliamini. Kilichomnyima raha ni ule ukimya. Chiriku alikaa kitandani akitazama ukuta. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa, na kila akiulizwa habari za kwenda anajibu neno moja: sitaki. Kubebwa mgongoni, sitaki. Gari la kukodi, sitaki. Hata kutolewa uani apigwe na jua, sitaki. Bibi akaona kabisa kwamba mtoto huyu asipotoka sasa atazoea kuta, wenzake wataendelea na masomo, na siku plasta ikikatwa kutabaki kitu ambacho hakina wa kukikata.

Nyuma ya karakana kulikuwa na kigari cha kuvuta, cha bati, magurudumu manne na mpini mrefu mbele. Wanawe wote walikipanda utotoni. Siku hizi kilikuwa pipa la mabaki ya sponji, kimeliwa na kutu. Mama Misumari akakimwaga, akakipindua, akakikwangua kwa brashi ya waya mpaka bati likaonyesha uso. Sakafu ilikuwa imetoboka, akaikatia kipande cha plaiwudi. Gurudumu moja lilikuwa limegoma. Akalitia mafuta ya taa, akaligonga, akalitukana kidogo, likazunguka. Akapaka rangi ya bluu.

Kama angeishia hapo! Lakini fundi makochi ni fundi makochi. Akaweka sponji nene. Akaivika kitambaa cha kijani, akapigilia vifungo vilivyodidimia, akatia mahali pa kuegemeza mikono, na mbele akatokeza kibao laini cha kunyooshea ule mguu wa plasta. Majirani tukaja kutazama kama tunatazama bibi harusi.

"Mama Misumari," akasema mwenye duka la ng'ambo ya barabara, "nitengenezee na mimi. Mguu nitauvunja kesho."

"Mm!" akajibu, ila safari hii macho yalikuwa yanacheka.

Mjomba akambeba Chiriku, akamkalisha kwenye kiti mlangoni ili akione. Mtoto akakiangalia. Akanyoosha mkono, akagusa kifungo kimoja.

"Kizuri," akasema.

"Haya panda, mama," mjomba akamwambia.

"Sitaki."

Sisi majirani tukakumbuka kwa ghafla kwamba tuna vyungu jikoni. Mama Misumari akatema misumari kiganjani, akaketi chini sakafuni, karibu na kiti.

"Kuna nini, mama? Mwambie bibi yako."

Mtoto akauliza, "Atavuta nani?"

"Mimi."

"Na nikisema simama?"

"Nitasimama."

"Mjomba naye ana masikio."

Mjomba alikuwa palepale mlangoni. Akainamisha kichwa, akaanza kukagua ndala zake.

Bibi akaapa kwa kila alichokipenda. Mtoto akatikisa kichwa. Ndipo mwanamke yule akageuka akakitazama kigari chake upya. Sponji, vifungo, kibao, vyote vilikuwa vya kumkalisha mtoto vizuri. Kila alichoweka mtoto angekikalia au kukiegemea tu. Hakukuwa na hata kimoja ambacho mtoto angekiamuru.

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa fundi baiskeli wa pale kona, yule tunayemwita Spoku kwa wembamba wake.

"Spoku, nataka breki."

"Ya baiskeli gani?"

"Ya kochi."

Spoku akaweka spana chini. "Mama'ngu, kuna kochi limekukimbia?"

"Acha masihara. Ya kigari cha mjukuu wangu. Ashike yeye, amekaa."

"Breki anashika dereva, mama. Ukimpa abiria breki hamfiki."

"Basi tusifike. Mimi nataka atoke."

Spoku hakubisha tena. Alikuja na mkono wa breki, waya wake na kipande cha tairi kuukuu. Mkono wa breki wakaufunga pale mtoto angeweka mkono wake wa kulia. Waya ukapita chini ya sakafu mpaka kwenye kibao kilichovikwa lile tairi, kinachobana magurudumu ya nyuma. Kubana kilikubali, kuachia kikakataa. Wakakuna vichwa. Mama Misumari akainuka, akarudi na springi ndogo ya kochi, ile inayovuta kikalio, akaipachika kwa nyuma. Ukiminya, kibao kinabana. Ukiachia, springi inakirudisha.

Wakamwita mtoto. Hakusema sitaki. Akauliza tu, "Nani atavuta?"

"Chagua mwenyewe," bibi akasema.

Akamnyooshea kidole mjomba wake.

Mjomba akavuta. Hajafika hata kwenye kamba ya nguo, kigari kikagoma ghafla na mkono wake ukabaki nyuma.

"We mtoto! Bega langu!"

"Nimesema simama."

"Hujasema!"

"Nimesema kwa mkono."

Mama Misumari alicheka mpaka akashika ukuta. Wakazunguka ua mzima, vuta, simama, vuta, simama, na mjomba analalamika kama punda mwenye mdomo, na kila akilalamika mtoto anaminya tena. Mwishowe tukasikia sauti ambayo tulikuwa tumeikosa: "Mjomba, sasa haraka kidogo. Kidogo tu, nimekwambia."

Siku shule ilipofunguliwa walitoka mapema, mjomba mbele na bibi nyuma na mkoba. Utabiri wa Spoku nusura utimie, kwani Chiriku alisimamisha msafara kwa muuza matunda, akausimamisha kwa kinyozi, na kwangu akausimamisha kuniuliza kama nilimkumbuka.

Kileleni mwa mteremko akaminya, na hakuachia. Mjomba hakugeuka wala hakuvuta. Alisimama tu na mpini mkononi, jasho likimtoka.

"Mjomba."

"Naam."

"Usikimbie."

"Twende unavyotaka wewe."

Wakashuka hivyo hivyo, mtoto akiminya na kuachia, kibao kikisugua magurudumu, mjomba akifuata mwendo anaopewa.

Langoni mwalimu wa darasa akawapokea. Akamsifia Chiriku kwa gari lake, akanyoosha mkono kuchukua mpini. Chiriku akaminya breki.

"Shikamoo, mwalimu. Ngoja kwanza nikueleze. Ukiona kimekuwa kizito ujue ni mimi, usivute kwa nguvu. Mjomba alivuta, sasa bega linamuuma, halafu hii hapa ni springi ya kochi, alitoa bibi, na yule Spoku akasema hatutafika..."

"Nimeelewa," mwalimu akasema. "Twende?"

"Bado, sijamaliza."