Shamba Lililokosa Kona

Siku ninazozikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni zile nilizogombana na namba. Nilikuwa msichana wa shule kwetu Manga, miaka ile pareto, maua ya dawa ya wadudu, ilipoanza kupandwa.

Namba yenyewe ilikuwa 9991. Ijumaa moja Mwalimu Nyakundi aliiandika ubaoni akasema, "Ziko namba mbili, wala moja si mojawapo, ukizizidisha unapata hii. Mwenye kunionyesha Jumatatu ndiye nitakayempeleka shule ya bweni. Nafasi ni moja tu."

Wavulana walicheka waliponiona nainakili. Baba alikwisha sema nikikosa nafasi hiyo nitaolewa, na wageni wa mahari walikuwa wameshaanza kuja kunywa uji kwetu.

Nikaigawa kwa tatu, ikakataa. Kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, ikakataa. Nililia, sikufichi.

Jumamosi mama akanipa miche ya pareto. Bwana shamba alitaka mistari iliyonyooka, kumi kwa kumi, lakini kwenye kona moja palisimama omotembe, mti ambao kwetu hauguswi ovyo. Ulikula nafasi ya miche tisa, mitatu kwa mitatu. Basi mistari saba ikawa na miche kumi kumi, na mistari mitatu ya mwisho ikawa mifupi, miche saba saba.

Mama hakupendezwa. "Ng'oa hiyo mifupi, uisimamishe kando ya mirefu. Shamba likae sawa."

Niling'oa huku nikinung'unika. Nilipomaliza, palikuwa na mistari saba, kila mmoja una miche kumi na mitatu, na hakuna mche uliobaki mkononi. Mia kasoro tisa ilikuwa imegeuka saba mara kumi na tatu. Nikaiandika ile namba udongoni. Kwani 9991 si elfu kumi kasoro tisa? Ni shamba la mia kwa mia lililokosa kona ile ile. Ukilipanga upya, unapata mistari tisini na saba, kila mmoja una miche mia na mitatu.

Jumatatu Mwalimu alizidisha, akarudia, ndipo akaweka chaki chini.

"Nani alikuonyesha, Kemunto?"

"Shamba la mama, mwalimu."

Jioni akaja nami hadi nyumbani. Baba alimsikiliza, akanitazama sana, kisha akasema, "Basi hao ng'ombe wangoje." Sijapata kusikia maneno matamu kama hayo.

Sasa nasikia unataka kuacha hesabu kwa sababu ya 999,991. Mwanangu, kitu kikubwa kisikutishe. Uliza kwanza kimepungukiwa nini ili kitimie, kisha usione uchungu kung'oa ulichopanda na kukipanga upya. Hiyo namba yako naijua, ni jirani ya milioni, na omotembe wake ni ule ule. Jibu sikupi. Mungu akubariki macho na mikono, na kesho uje uniambie kabla chai yangu haijapoa.