Safari ya Ugiriki Kufuata Udongo wa Damiani

Nilikwenda Ugiriki kuchukua udongo. Wale majirani wa Bangwe, Kigoma, walionitania kwamba naenda kula raha Ulaya, naomba wasome mpaka mwisho. Kaka yangu Damiani alikuwa baharia wa meli ya mizigo. Miaka ile ya korona aliugua akiwa safarini, wakamshusha kwenye kisiwa kimoja kidogo cha Ugiriki, akafia huko. Ndege zilikuwa zimelala, kwa hiyo alizikwa hukohuko, nasi tukatumiwa picha ya kaburi lenye msalaba wa mbao.

Mama alikataa kuanua tanga. Alisema mwanawe hawezi kumalizwa kwa picha ya simu. Mpaka mmoja wetu akaliguse kaburi na kurudi na udongo wake, yeye bado yuko msibani. Miaka ikapita, kitambaa cheusi kichwani, harusi haendi, hata ubatizo wa wajukuu haendi. Mwishowe ukoo ukachanga, nikachaguliwa mimi kwa sababu ya Kiingereza changu cha kuokoteza, nilichokipata nikiwapikia wageni wa mashirika ya wakimbizi.

Kutoka Kigoma hadi Athens sina la kusimulia, maana njia nzima nilikuwa nimeshikilia pasipoti kama mtu aliyeshika kuku sokoni. Vituko vilianzia bandarini. Meli yenyewe ilikuwa kubwa kuliko soko letu, tumboni imebeba malori, na ilipita kisiwa hadi kisiwa. Mimi ni mtu wa ziwani, nikajiambia kwa meli sitababaika.

Nilibabaika vizuri sana. Kwetu meli ikifika kwenye kijiji kisicho na gati husimama mbali, ikapiga honi, mitumbwi ikaja ubavuni kugombea abiria na mizigo. Unakuwa na muda wa kuagana na hata kugombana. Basi tulipokikaribia kisiwa changu, kidogo kiasi kwamba niliona mwanzo wake na mwisho wake, nilikwenda kusimama kwenye ukingo wa juu na begi langu, nikitafuta mitumbwi. Sikuona hata mmoja. Kumbe mlango wa nyuma ulikuwa umeshashushwa, watu na magari wameshatoka mbio, na mlango umepandishwa tena. Nilikitazama kisiwa cha kaka yangu kikirudi nyuma huku nimeduwaa, sijui nimlaumu nani.

Kisiwa kilichofuata ndicho kilichonipokea. Siku iliyofuata upepo ukavuma, meli zikazuiwa, nikabaki hapo nikizunguka kama mtalii wa kweli. Nyumba zote nyeupe, milango ya buluu, vichochoro vyembamba vya ngazi ambavyo kila nilipopanda nilijikuta nilikotoka. Juu ya kilima kulikuwa na vinu vya upepo vya zamani, vya mawe, visivyosaga kitu tena, na watu wakisimama foleni kuvipiga picha. Pweza walianikwa kwenye kamba mbele ya hoteli kama nguo, na chini yao paka wamekaa kwa adabu. Makanisa yalikuwa mengi hata nikajiuliza watu wa kuyajaza wanatoka wapi. Nilikuwa nikiona uzuri wote huo, nasema kweli, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye kile kisiwa cha kaka na nilijisikia mkosaji kwa kila nilichokifurahia.

Upepo ulipotulia nilirudi, na safari hii nilisimama mlangoni kabla meli haijapunguza mwendo. Gatini alinisubiri Mama Stamatia, mjane mwenye nyumba ya kupangisha wageni ambamo kaka aliugulia, aliyekuwa ametutumia ile picha. Aliwahi kufanya kazi hotelini, kwa hiyo Kiingereza chake na changu vilikuwa sawa kwa ubovu, tukaelewana. Alinipa kahawa chungu na kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari, akanitazama usoni muda mrefu, akasema nimefanana na Damiani. Nikaomba twende makaburini kabla sijavua hata viatu.

Makaburini nilitoa simu nikalinganisha. Ukuta ni ule, mti mrefu mwembamba ni ule, ila mahali pa msalaba wa mbao palikuwa na marumaru mpya na picha ya mzee mwenye masharubu. Nilizunguka safu ile tena na tena. Nikamwuliza kaka yangu yuko wapi.

"Hayupo hapo tena," alisema. "Nilimtoa."

Kwetu anayefukua kaburi ana jina moja tu, nanyi mnalijua. Nilirudi nyuma. Naye alishangaa kwamba nashangaa, maana alidhani dunia nzima hufanya hivyo. Alinieleza polepole kwamba kisiwa chao ni mwamba, udongo ni haba, na kaburi mtu hupewa kwa zamu. Miaka michache ikipita, wenye maiti hufungua, huiosha mifupa kwa divai, huililia, kisha huiweka kwenye kisanduku chenye jina. Asiye na mtu, yake humwagwa shimoni pamoja na ya wengine. Damiani hakuwa na mtu.

Aliniongoza hadi chumba kidogo kando ya kanisa, chenye rafu za visanduku. Alishusha kimoja, akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akanisomea jina la kaka yangu.

"Niliiosha mwenyewe," alisema. "Mwanangu alikwenda kuvua, bahari haikumrudisha. Sikupata hata mfupa wa kuosha." Kisha akasema, "Mchukue. Ni wako."

Mdomo ulisema hivyo, lakini mikono haikukiachia kisanduku. Nami mikono yangu haikunyanyuka. Nililia, yeye akalia, halafu nikamwomba akirudishe rafuni. Hata udongo sikuchukua, kwa kuwa sasa ulikuwa wa yule mzee wa masharubu. Njia nzima ya kurudi nilijitukana.

Nyumbani Bangwe walikuwa wamekusanyika. Shangazi alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, mahali pa kuweka udongo. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikasema mikono yangu ni mitupu, kisha nikamweleza yote: marumaru, divai, kisanduku, na yule mtoto ambaye bahari haikumrudisha. Watu walianza kunong'ona. Mjomba akaniuliza kwa ukali ilikuwaje nimpate ndugu yangu kwenye sanduku la kubebeka nimwache kwa wageni.

Mama alimnyamazisha kwa kiganja. Akanigeukia.

"Ulipomwona amekishika," aliniuliza, "alikishika namna gani?"

Nikamwonyesha, mikono miwili, kifuani.

"Basi ulifanya vyema. Ungemchukua, mama mwenzangu angebaki na nini?"

Akakifungua kile kitambaa cheusi, akakikunja, akanikabidhi, akawaambia watu waanue tanga.

Nilikwenda mbali kote huko nikidhani natafuta alipolala kaka. Jinsi walivyomlaza bado inanichanganya, sitawaficha. Nilichojifunza ni kwamba mama hakuwa anangoja udongo. Alikuwa anangoja kusikia kwamba mwanawe alililiwa.