Rafu Sita za Madaftari ya Baba

Mchwa waliyaanza madaftari ya marehemu baba kwa herufi A, kama wasomaji waadilifu, wakaendelea kwa utaratibu hadi K, ndipo mama alipowagundua. Yalikuwa madaftari ya maneno ya Kindamba, ambayo baba, mwalimu wa shule ya msingi kule Masagati, aliyakusanya maisha yake yote na kuyahifadhi katika sanduku chini ya kitanda. Yaliyosalia, kuanzia L, mama aliniletea nyumbani kwangu Kibaoni ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

"Nakaa mwezi mmoja," akasema. "Nikiona yamepata mahali pa kueleweka, nayaacha. Nisipoona, narudi nayo, nayapandisha darini juu ya meko. Baba yako aliukataa moshi, eti yatanuka. Haya, yananuka sasa?"

Mimi, mwalimu wa lugha, ninakusudia kutengeneza kamusi kutokana na madaftari hayo, na sikuwa nimenakili hata ukurasa mmoja. Nikaahidi mahali pa kueleweka.

Mke wangu alikuwa na mahali hapo kichwani siku nyingi: kabati la kujengewa ukutani sebuleni, shelfu juu, milango chini, lote jeupe. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mbao, kazi niliyoipa wiki mbili. Kipande cha MDF, yaani unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, nilikiloweka katika beseni. Kesho yake kilikuwa kimeumuka kama andazi. Katika nyumba ambayo kuta zake hutoka jasho masika yote, hiyo ilitosha kuwa hukumu. Nikamwendea fundi seremala nikiwa na mninga moyoni.

"Shikamoo, mwalimu. Mninga wa kupaka rangi?" Akaiweka randa chini. "Hapana. Huko ni kumvisha bibi harusi gunia."

"Basi mtiki."

"Mtiki una mafuta, rangi itakusumbua. Kama ni rangi, chukua paini iliyotiwa dawa. Mchwa akiionja, anahama wilaya."

Nilishawishika. Nikaketi nikaandika maelekezo, kwa kuwa sipendi makubaliano ya mdomo. Lazima nikiri hapa kwamba mimi, tofauti na mke wangu, huwa sisemi "shelfu". Kiswahili kina neno rafu, fupi na safi, lililotufikia kutoka Kiarabu, na sikuwahi kuona sababu ya kuliacha likae bila kazi. Nikaandika: *Kabati la ukutani lenye rafu sita. Mbao za rafu ziwe paini iliyotiwa dawa, unene inchi moja. Milango minne chini. Rangi nyeupe.* Nikaisoma mara tatu, nikaridhika na alama za vituo.

Kisha nikapanda Mahenge kwa wiki moja kwa shughuli za kikazi, na mke wangu akaenda Mkula kuvuna mpunga. Mama akabaki kuwa msimamizi.

Tuliporudi, milango ilikuwa laini kama yai. Juu yake zilikaa mbao sita zilizotoka moja kwa moja kwenye msumeno, hazijaguswa na randa, zikapakwa rangi nyeupe juu ya manyoya yake, kila unyuzi umesimama kama mbuzi aliyenyeshewa. Mke wangu alipita karibu, kitenge chake kikanasa.

"Baba watoto," akasema akijinasua, "hiki ndicho ulichokitafiti wiki mbili?"

"Mama, hukumwuliza fundi?" nikamgeukia mama.

"Nilimwuliza, mbona hukupiga randa? Akaniambia mwanao ndivyo alivyoandika. Sasa nyinyi wasomi nani anawajua?"

Fundi aliitwa, akaja na karatasi yangu mfukoni.

"Soma mwenyewe, mwalimu. 'Rafu sita.' 'Mbao za rafu.' Nilijua hujakosea, maana umerudia."

"Rafu ni shelfu!"

"Shelfu ni shelfu. Rafu ni mbao isiyopigwa randa. Au ile ya mpirani, unapomkwatua mtu."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilileta kamusi ya Kiswahili, nikaifungua penye neno hilo. Fundi akalisoma kwa kidole, polepole, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kweli limo. Lakini, mwalimu, kamusi hii ungenipa pamoja na karatasi."

Mke wangu akaamuru mbao zote zing'olewe, zipigwe randa na kupakwa upya. Hapo ndipo mama alipoinuka, akapitisha kiganja juu ya ubao wa chini kabisa, akaufuata hadi mwisho. Akaleta ndoo, akayapanga madaftari juu yake moja moja.

"Huu uacheni."

"Utatuchania nguo, mama," mke wangu akasema.

"Kaeni mbali nao. Daftari haliserereki hapa. Na darini kwangu mbao ni hizihizi."

Tano zikang'olewa, zikarudi zikiwa laini. Mmoja ukabaki na manyoya yake. Mama akautazama kila asubuhi mpaka mwezi ukaisha.

Siku ya safari nilihesabu madaftari, nikakuta N haipo. Pembe yake ilichungulia kwenye kikapu cha mama, chini ya kanga.

"Hilo ni la moshi," akasema bila haya. "Hayo mengine ni ya rangi. Mwakani tutalinganisha."

Mimi huwafundisha watu kulinganisha; ningepinga vipi? Niliomba tu nafasi ya kulinakili kabla basi la Mlimba halijafika. Mama akanitazama ninavyochonga penseli.

"Kwa mwendo huo, mwanangu, bora mchwa. Wale walifika K."

Basi lilipopiga honi nilikuwa na maneno tisa.