Vichwa vya Mtaa Mzima

Niliondoka Bukavu wakati nchi yetu ingali inaitwa Zaire, nikaenda Ubelgiji kusomea saikolojia ili nirudi kufundisha walimu. Asubuhi ya safari mtaa mzima ulisimama mlangoni kunikumbusha: pasipoti, sweta, dawa. Ndiyo desturi yetu. Ukiwa na jambo la kufanya, unamwambia mtu, "Unikumbushe," na hata muuza samaki atakukumbusha.

Barabara ya kwenda Bujumbura, kupanda ndege, ilikuwa mashimo matupu. Ndani ya ndege nikasoma kwa sauti, kama tulivyozoea, mpaka abiria wa pembeni akahama kiti.

Brussels nilipokelewa mtaa wa Evere na Maman Noëlla, rafiki wa mama, aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Nikaanza kuzunguka chumbani nikikariri kwa sauti. Jirani akagonga ukuta. Nikasoma kimya, hakikuingia kitu. Kusoma bila mdomo ni kusoma gani, jamani?

Mwezi wa sita, profesa alitangaza: kabla ya Ijumaa jioni kila mwanafunzi aende mwenyewe kuomba siku ya mtihani. Asiyeenda, mwaka wake umepotea. Nikamwambia Maman Noëlla, "Unikumbushe," nikalala fofofo.

Ijumaa yeye alitoka alfajiri kwenda kazini. Mimi nikashika njia ya chuo, nikashukia njiani, Chaussée de Wavre, barabara ya Matonge, mtaa uliojaa watu wa kwetu. Hapo ndipo nilipoharibu. Pale hupiti bila kusalimia! Huyu anauliza habari za Bukavu, yule ananivuta hadi jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, kwenye saluni ya dada yake, ninywe chai. Nikaagana nao wote, nikapanda basi, nikarudi Evere moyo mweupe.

Maman Noëlla alikuwa jikoni. "Bon, mutoto, professeur alikupatia siku gani?"

Mungu wangu!

"Maman, si nilikuambia unikumbushe?"

"Alors, ni mimi njo niko na examen? Uliniambia, ukatua muzigo, kichwa yako ikalala. Kimbia!"

Chuoni nilimkuta profesa ameshavaa koti. Akaniuliza kwa Kifaransa kwa nini nimechelewa.

"Nilisahau."

"Na umejiandaa kwa sura ipi ya kitabu?"

Aibu ilinishika. "Ile ya kusahau mambo tuliyokusudia kufanya." Niliijua yote kwa moyo, nukta kwa nukta! Hakucheka. "Jumanne asubuhi," akasema, akafunga mlango.

Niliporudi Evere, Maman Noëlla aliuliza, "Siku gani? Nikukumbushe?"

"Siku hii sikuambii, Maman."

"Ee! Umeshakuwa muzungu, donc?" Alicheka, lakini neno lile liliniuma.

Nilijiwekea alama moja ya kunikumbusha: nikigusa kitasa cha mlango, ni safari ya chuo, bila kushukia Matonge. Jumanne nikakigusa, nikaenda moja kwa moja. Bukavu nilikumbuka kwa vichwa vya mtaa mzima. Hapa nilikuwa na kimoja tu, na ndicho nilichoingia nacho kwenye mtihani.