Mafundo ya Vihingo Mpakani

Siku chache kabla ya safari, meza yangu ya chakula pale Tangini ilikuwa na bahasha ya plastiki ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ndani yake kulikuwa na kadi ya gari, leseni, bima ya kuvukia mpaka, pasipoti mbili na kadi mbili za njano za chanjo, moja yangu na nyingine ya shangazi yangu. Shangazi alikuwa ameilalamikia chanjo ile tangu alipochomwa. Alisema mkono wake ulikuwa mzima mpaka Wakenya walipotaka kumwona.

Tulikuwa tunakwenda Ukunda, kusini ya Mombasa. Binti yake pekee ameolewa huko, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Arobaini ingetimia siku ya kufika kwetu. Kesho yake mama na mtoto wangetolewa nje, na shangazi alitaka yeye ndiye ampokee mjukuu mlangoni. Mabasi yapo, lakini alisema hawezi kupanda basi na mzigo wa watu. Sikumwuliza mzigo gani.

Siku moja kabla ya safari nilimfuata kwake Vihingo mchana, nikipitia Mlandizi na ile barabara ya vumbi jekundu. Nilikuta kina mama wamejaa uani. Kila mmoja alikuwa na furushi la kanga lililofungwa fundo juu. Wengine walikuwa na mawili. Waliyapakia wenyewe kwenye buti, na buti lilipojaa wakahamia kiti cha nyuma. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili, aliniambia, "Dereva, wewe endesha tu. Haya si yako."

Huko kwa shangazi zawadi ya mzazi ina utaratibu wake. Mwenye kutoa hulifunga furushi kwa mkono wake, na mzazi hulifungua kwa mkono wake, siku anapotoka nje. Hapo katikati hakuna anayelifungua. Furushi likifunguliwa njiani ni kama limeliwa. Mzazi anapokea mabaki. Shangazi alisimama mbele ya kina mama wale, akaweka mkono kifuani na kusema yatafika kama yalivyo. Wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia upepo wa matairi.

Alilala kwangu, tukaondoka alfajiri. Chalinze tulikunywa chai, Segera tukanunua machungwa, na Tanga hatukusimama kabisa kwa sababu shangazi alisema tutakula kwa mwanawe. Tulifika mpakani Horohoro jua likiwa bado halijafika utosini. Nilikuwa nimepanga tufike saa hizo, na nilijisikia vizuri.

Upande wa watu ulikwenda upesi. Tuligongewa muhuri wa kutoka, tukasogea dirisha la pili kugongewa wa kuingia. Afisa kijana wa Kenya alizikagua pasipoti, akauliza tunakwenda kufanya nini.

"Kumtoa mtoto nje," shangazi akajibu.

Yule kijana akaninyanyulia macho. Nikamweleza.

"Basi ni matembezi," akasema. "Nawaandika watalii."

"Mwandike huyu," shangazi akasema, akininyoshea kidole. "Mimi siwezi kuwa mtalii. Mtalii ni mtu anayekwenda kwa wasiomjua. Mimi nakwenda kwa mwanangu."

"Mama, ukiwa mtalii utaingia sasa hivi."

"Na nikiwa bibi?"

"Kwenye kompyuta bibi hayupo."

Watu wa kwenye foleni walicheka, na shangazi akakubali utalii kwa sharti kwamba asivalishwe kaptura. Muhuri ukagongwa. Kilichobaki kilikuwa kibali cha gari. Gari dogo la binafsi linapoingia kwa muda hupewa kibali cha mtalii: linaingia, linatembea, linatoka, na halibebi biashara. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo kila mahali nilipoweza kuisoma. Nikatoa bahasha yangu na kupanga karatasi kaunta moja baada ya nyingine.

Kwenye kaunta ya forodha alikuwapo mama wa makamo, mwenye mtandio wa kijani na miwani iliyoning'inia shingoni. Alimwamkia shangazi shikamoo, kwa lafudhi ya Pwani.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema, akichangamka. "Kumbe huku nako kuna watu."

Mama yule akacheka. Alizipitia karatasi zangu na kuzisifia, jambo lililonifurahisha zaidi ya nilivyoonyesha. Kisha tukatoka naye kwenda kulitazama gari. Akafungua buti. Akafungua mlango wa nyuma. Akavaa miwani.

"Hii nini?"

"Zawadi," nikasema.

"Za kitu gani?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama mpaka.

"Sijui," nikasema.

Kazini kwangu niliwahi kuwauliza watu wengi maswali kama yale na kuyaandika majibu yao. Ni mara chache sana nimesikia jibu baya kama langu.

Mama wa forodha hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwenye gari anatia saini kwa gari na kila kilichomo. Asiyejua kilichomo hawezi kutia saini, na bila saini hakuna kibali cha mtalii. Mzigo usiojulikana unaweza kuwa biashara, unaweza kuwa mbegu, unaweza kuwa chochote. "Fungueni tu tuone," akasema. "Haichukui muda."

"Hayafunguliwi," shangazi akasema.

"Shangazi..."

"Hayafunguliwi, baba." Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake, na akiliita kwa sauti ya chini namna ile huwa hakuna mjadala. "Nimeweka mkono hapa. Mbele ya watu. Kama hayapiti, tunarudi nayo Vihingo."

"Na mjukuu?"

Alikwenda kukaa kwenye benchi la saruji chini ya paa la bati, akaukunja mtandio wake mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatanii. Alikuwa amengoja mtoto huyu tangu binti alipoolewa, na alikuwa tayari kugeuza gari umbali mdogo namna ile kutoka kwake kuliko kufika na mafurushi yaliyoguswa.

Nilimpigia binti yake, nikidhani yeye ndiye atakayeumaliza ubishi, maana mafurushi ni yake. Nikaweka sauti juu, nikampa shangazi simu.

"Mama, fungua tu," dada yangu akasema, na nyuma yake mtoto analia. "Mimi nimekuruhusu."

"Wewe hujayapokea. Utaruhusuje kitu hujapokea?"

"Basi nije mimi hapo nifungue?"

"Thubutu! Arobaini haijaisha! Utoke nje na maziwa yakauke?"

Mama wa forodha alikuwa amesimama karibu yetu muda wote, akisikiliza huku akijifanya anakagua taa za gari. Aliposikia habari ya maziwa akasogea. "Mama," akasema, "kwetu huku Kwale mafundo hatuna, lakini mambo hayo tunayajua. Nikuulize. Aliyefunga mwenyewe akitaka kufungua, anakatazwa?"

Shangazi akafikiri. "Aliyefunga? Hakatazwi. Ni fundo lake."

"Simu ya kwenu inashika hapa?"

Ilikuwa inashika. Nilimpigia yule kiongozi wa kina mama. Nilipomweleza, nilimsikia akipaza sauti pale pale bila kuondoa simu mdomoni, na sikio langu likalia. Haukupita muda mrefu wakawa wamekusanyika uani kwake. Niliweka simu kwenye boneti, sauti juu.

"Kwani wametushuku bangi?" mmoja akauliza.

"Hawajashuku kitu," shangazi akasema. "Wanataka kujua. Na mimi sifungui mpaka mwenye fundo aseme."

Wakajadiliana kwa kelele. Mmoja alisema utaratibu ni utaratibu, bora mzigo urudi. Mwingine alimwambia kama anataka urudi aje mwenyewe mpakani kuubeba. Mwisho kiongozi akawanyamazisha. "Sikiliza, wifi. Kila mwenye fundo atalitaja lake. Akishalitaja, mkono wako ni mkono wake. Fungua, waonyeshe, ufunge pale pale kwa fundo lile lile. Hapo nani amefungua? Mimi nimefungua nikiwa Vihingo."

Shangazi aliinuka kutoka kwenye benchi.

Ndivyo tulivyofanya. Mmoja mmoja walikuja kwenye simu. "La kanga nyekundu yenye doa la wino, langu mimi. Lina nguo za mtoto na sabuni." Shangazi analifungua, mama wa forodha anatazama bila kugusa, shangazi analifunga, akiuliza kama fundo la mwenye nalo lilikuwa la kushoto au la kulia. Tulikuta korosho za kukaanga, mbeleko mpya, pilipili manga ya uzazi, chupa ya asali, unga wa lishe. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka pingili za muhogo za kupanda, muhogo mtamu wa kwao, ili binti asile muhogo wa watu. Hizo mama wa forodha alizikataa. Mimea ya kupanda haivuki bila cheti. Mwenye nazo alifoka kidogo, kisha akasema zichomekwe ardhini upande wetu, zisipotee bure. Nilirudi nazo na kumpa muuza chai wa upande wa Tanzania, aliyezipokea kwa furaha nyingi.

Niliporejea, lilikuwa limebaki furushi moja. Dogo, la kanga ya bluu. Mwenye nalo alikuwa kwenye simu na hataki kusema.

"Nani na nani wapo hapo?" aliuliza.

"Mimi, mama wa forodha, na baba yangu huyu," shangazi akasema.

"Dereva?"

"Ndiyo."

"Aondoke."

Kijana wa dirisha la pasipoti alikuwa naye ametoka kuja kutazama. Tukafukuzwa sote wawili. Tulisimama nyuma ya lori la saruji kama watoto walioambiwa wasisikilize mambo ya wakubwa, tukizungumzia bei ya mafuta upande wake na upande wangu. Kutoka kwenye gari tukasikia mchakarisho mdogo wa shanga, kisha kicheko cha wanawake wawili hapa na wengine wengi kwenye simu.

"Unajua ni nini?" kijana akaniuliza.

"Sijui," nikasema, mara ya pili siku ile.

Tulipoitwa, kanga ya bluu ilikuwa imefungwa na mama wa forodha anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Turudi ndani, akasema. Alijaza mambo ya gari kwenye kompyuta, akanisogezea pa kutia saini kwamba ninajua kila kilichomo.

"Lakini lile la mwisho..." nikaanza.

"La mwisho ninalijua mimi," akasema. "Ni zawadi, si biashara, na halimfai mwanaume kulitangaza. Tia saini, bwana mtalii."

Nikatia. Sijawahi kutia saini karatasi nikiwa na uhakika mdogo vile na raha kubwa vile. Kibali kikatoka kwenye mashine, nikakipanga kwenye bahasha nyuma ya bima. Mama yule alimwomba shangazi ambusie mtoto. Shangazi akamwombea dua pale pale kaunta, ndefu, foleni ikiwa nyuma yetu, na hakuna aliyelalamika.

Toka pale hadi Ukunda shangazi alikaa akitazama nje. Minazi ilipita, mashamba ya miwa yakapita. Nilidhani amechoka. Tulipokaribia ndipo akaniambia kinachomsumbua: itabidi amwambie binti kwamba mafurushi yalifunguliwa, kabla hajapewa, maana kumpa kimya kimya ingekuwa udanganyifu.

Alimwambia kesho yake, baada ya mtoto kutolewa. Yeye ndiye aliyempokea mlangoni, akamfunika jua kwa upindo wa kanga, na hakumwachia mtu kwa muda mrefu. Kina mama wa upande wa mume walikuwa wamekaa mkekani. Mafurushi yalipangwa katikati. Shangazi akasema mbele ya wote: "Mwanangu, haya yamefunguliwa mpakani kwa mkono wangu. Wenyewe walikuwapo kwenye simu, kila mtu alisimama na lake. Muhogo haukupita. Kama unayaona ni mabaki, useme."

Dada yangu alivuta furushi la kwanza, akaanza kuhangaika na fundo. Akajaribu kucha, akajaribu meno. Halikulegea. Shangazi alikuwa ameyafunga kule mpakani kwa nguvu zake zote, kwa hofu yake yote.

"Mama, haya kweli yamewahi kufunguliwa?" akasema. "Kaka, niletee kisu."

"Kisu cha nini?" shangazi akasema, akimhamishia mjukuu bega la pili. "Fungua kwa mkono. Tuna siku nzima."